Buibui: Je, mdudu na vazi ni neno moja au mawili?

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi huko Pwani ameniletea kesi niiamue. Mwanafunzi wake aliandika hivi katika insha: "Mamangu alinunua buibui jeusi la kwendea harusini." Mwalimu mwenzake aliyesahihisha insha hiyo alilikata neno "jeusi" kwa wino mwekundu, juu yake akaandika "mweusi", na pembeni akaeleza kwamba buibui ni kiumbe chenye uhai, kwa hivyo mahali pake ni ngeli ya A-WA. Mtoto akapoteza alama. Mjadala ulipofika katika chumba cha walimu ukazidi kupanuka. Mwalimu wa tatu alidai kwamba neno lenyewe halifai kutumiwa kwa vazi, kwa sababu eti ni matusi kumfananisha mwanamke na mdudu anayetambaa darini. Alitaka wanafunzi wafundishwe kusema abaya, au angaa baibui.

Hoja ya kwanza haihitaji maneno mengi. Mtoto alikuwa sahihi na arudishiwe alama zake. Buibui mwenye miguu minane huchukua upatanisho wa A-WA: buibui huyu mweusi ameanguka, buibui hawa weusi wameanguka. Buibui la kuvaa huchukua LI-YA: buibui hili jeusi limechanika, mabuibui haya meusi yamechanika. Kumbe mwenye kusahihisha aliitazama sura ya neno bila kuuliza linarejelea nini katika sentensi. Sijawahi kuona mama aliyekwenda sokoni kumnunua mdudu wa kwendea harusini.

Kosa hilo lakini lina chanzo chake, nacho ni namna tunavyofundisha ngeli. Wanafunzi wengi huambiwa kwamba majina ya wanyama na wadudu yamo katika A-WA, basi, na kanuni ikaishia hapo. Haielezwi kinachotokea jina la kiumbe linapoazimwa na kupewa kitu kisicho na uhai. Kiswahili kimefanya hivyo mara nyingi. Ndege ametua mtini, lakini ndege imetua uwanjani. Mbuzi amekula mahindi, lakini mbuzi ya kukunia nazi imevunjika meno. Kifaru ameuawa na majangili, lakini kifaru cha jeshi kimelipuliwa. Kanga ametaga, lakini kanga imechujuka rangi. Katika mifano hii yote, jina likishatoka kwa kiumbe na kwenda kwa kifaa au vazi huvua A-WA na kuvaa ngeli nyingine, na mara nyingi umbo la neno ndilo linaloamua ngeli hiyo. Kifaru kina ki- mwanzoni, kwa hivyo huingia KI-VI bila ubishi. Ndege, mbuzi na kanga huingia I-ZI.

Buibui halina kiambishi cha kulielekeza. Limefuata njia ya mavazi mengi yaliyoshonwa: shati na mashati, koti na makoti, gauni na magauni, joho na majoho, juba na majuba. Kwa kuwa neno vazi lenyewe limo humo humo katika LI-YA, si ajabu kwamba buibui likapata makao kando yake.

Swali gumu ni lile lililomo ndani ya hoja ya pili, ingawa mwalimu aliyeitoa hakulitamka hivyo. Je, buibui la kuvaa lina uhusiano wowote na buibui wa darini, au ni maneno mawili yaliyokutana kwa bahati?

Shuleni tumezoea kuyatia maneno ya aina hii katika kapu moja na kuliita kapu hilo vitawe. Wanaisimu hulipasua mara mbili. Kuna polisemia, yaani neno moja lililopanuka likazaa maana zaidi ya moja zenye udugu. Kuna pia homonimia, yaani maneno mawili au zaidi yenye asili mbalimbali ambayo yamefanana kwa umbo tu. Kamusi nazo hutofautisha hali hizi. Maana zenye udugu hupangwa chini ya kidahizo kimoja na kupewa nambari. Maneno yasiyo na udugu hupewa vidahizo tofauti, kila kimoja na nambari ndogo iliyopandishwa juu.

Upatanisho wa kisarufi hauwezi kutuamulia jambo hili peke yake. Chukua neno tai. Tai ameruka, tai imefungwa shingoni. Ukitazama sarufi utadhani hali ni ile ile ya kanga na kanga. Lakini tai ya shingoni imetoka katika Kiingereza, na ndege mla nyama hana mkono katika kutajwa kwake. Hiyo ni homonimia tupu. Kwa hivyo ili tujue kama buibui ni kama kanga au ni kama tai, hatuna budi kuchimba asili.

Tuanze na mdudu. Nasema mdudu nikijua kwamba walimu wa sayansi watanikunjia uso, kwa kuwa wadudu wao wana miguu sita na mwili wa sehemu tatu, ilhali buibui ana miguu minane na mwili wa sehemu mbili. Lakini mdudu wa Kiswahili cha kawaida ni mpana kuliko mdudu wa vitabu vya biolojia. Humo wamo hata nge na tandu.

Jina la buibui ni la Kibantu. Waganda humwita nnabbubi, na ukiliweka neno hilo kando ya letu utasikia kwamba yana damu moja. Mzizi wenyewe ni bui. Sehemu ya pili ni uradidi tu, mtindo uliozoeleka katika majina ya vijidudu: kumbikumbi, kimulimuli. Ushahidi umo katika neno tandabui, ambalo ni jina la utando wa buibui. Humo bui limebaki moja, na mbele yake kimekaa kitenzi tanda.

Kitenzi hicho ndicho ufunguo wa kesi yetu, kwa hivyo ninaomba tukikalie kidogo.

Waingereza walimtaja kiumbe huyu kwa kazi ya kusokota nyuzi. Jina lao spider limechimbuka katika kitenzi chao cha kusokota, spin, na Wajerumani nao walifanya vivyo hivyo. Mswahili hakujali sana uzi unavyosokotwa. Aliyatupa macho yake kwenye kile kinachoenea: kitu chembamba kilichonyoshwa na kufunika nafasi. Ndipo akasema buibui hutanda, na anachokitanda ni utando. Kitenzi hicho hicho ndicho tunachotumia kwa mawingu yanapotanda na giza linapotanda. Kimezaa kitanda, ambacho zamani kilikuwa mbao na kamba zilizotandwa. Kimezaa tandika na tandiko, tandaa na tandaza. Mfumaji wa nguo naye ana mtande, nyuzi zinazotangulia kunyoshwa kabla ya mshindio kupitishwa.

(Wachunguzi wa viumbe watanikumbusha kwamba si buibui wote wanaowinda kwa kutanda. Pale Mbita, kando ya Ziwa Victoria, ambapo taasisi ya ICIPE ina kituo chake, wanasayansi wamemchunguza buibui mdogo mrukaji aitwaye Evarcha culicivora, ambaye humrukia mbu na hupendelea hasa mbu aliyekwisha kunywa damu. Huyu hatandi mtego, hunyatia. Lugha ilimbatiza jina kabla hajachunguzwa.)

Sasa msikilize mwanamke wa Mombasa, Lamu au Unguja akizungumzia mavazi yake. Hasemi tu kwamba amevaa. Husema amejitanda. Hujitanda kanga, hujitanda ushungi, hujitanda buibui. Kitambaa chepesi cha kujifunika kichwani na mabegani kinaitwaje? Mtandio. Kitenzi kile kile tulichomwona nacho mdudu kipo mdomoni mwa mvaaji. Buibui hutanda utando. Mwanamke hujitanda mtandio. Mtu anayezungumza lugha hii tangu utotoni hahitaji mshairi wa kumwonyesha ufanano huo. Umo tayari katika kitenzi, unasubiri tu kitu kipya cha kupewa jina.

Tena tukumbuke buibui la zamani lilivyokuwa. Hatuzungumzii lile la siku hizi lililokatwa na kushonwa kama joho, lenye mikono na vifungo. La zamani lilikuwa kitambaa kipana cheusi kilichofungwa kichwani kwa utepe na kuachwa kimwagike hadi miguuni. Mvaaji alizishika pande zake kwa mikono kutoka ndani, akizivuta usoni alipopita mbele ya wanaume. Ukimwona kwa mbali, mikono ikinyanyua pande hizo, huoni mikono wala mabega. Unaona weusi uliotanda.

Mazoea ya kuyapa mavazi majina kwa kuangalia picha nayo hayakuanzia hapo. Kanga, kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, ilipata jina kutokana na madoadoa ya vitambaa vya mwanzo yaliyomkumbusha mtazamaji manyoya ya ndege kanga. Kule Lamu na Mombasa, wanawake wa tabaka la juu walitembea ndani ya shiraa, kitambaa kilichowazunguka kama hema huku watumwa wakikibeba. Shiraa katika Kiarabu ni tanga la chombo. Na wasomaji waliokuwa Mombasa au Zanzibar miaka ya karibuni wanajua vilevile kwamba vazi linaloacha macho peke yake liliitwa ninja mitaani, jina lililotoka katika sinema za wapiganaji wa Kijapani. Tanga, ndege, mdudu, mpiganaji: macho ya watu wa Pwani hayajawahi kuchoka kutafuta mfano.

Mtu anaweza kupinga na kusema kwamba buibui ni abaya iliyopindwapinda na ndimi za Waswahili. Sioni njia ya kufika huko. Kama abaya ingepoteza irabu yake ya kwanza, tungebaki na baya, wala hakuna kanuni ya matamshi ya Kiswahili inayogeuza baya kuwa bui kisha ikalirudia mara mbili. Isitoshe, abaya limeingia Kiswahili kama lilivyo na linatumika sokoni kutaja vazi jingine, tofauti na buibui. Ninashikilia, basi, kwamba buibui la kuvaa ni mtoto wa buibui wa darini. Hii ni polisemia, kama kanga, wala si kama tai. Kamusi iliyo sawa ni ile inayoyaweka maana hizo mbili chini ya kidahizo kimoja na kuonyesha kwamba kila moja ina ngeli yake. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 tayari ilizitaja zote mbili pamoja.

Je, huo ni matusi? Hapa lugha peke yake haitoshi. Inabidi tuitazame historia ya waliolivaa.

Kabla ya buibui kuenea, mavazi ya Pwani yalikuwa kama cheti cha ukoo. Kwa kumtazama mwanamke njiani ungejua ni wa tabaka gani. Mtumwa alivaa kaniki au merikani na hakuruhusiwa kujifunika kichwa kama mwungwana. Bibi mwenye mali alivaa barakoa usoni. Shiraa nayo ilihitaji watumwa wa kuibeba, kwa hivyo kule kujisitiri kwenyewe kulikuwa ni tangazo la utajiri. Kisha hali ya utumwa ikaondolewa kisheria: mwaka 1897 Unguja na Pemba, mwaka 1907 katika ukanda wa pwani ya Kenya. Wabebaji wa shiraa wakawa watu huru, na shiraa ikakosa mabega.

Ni katika miongo hiyo ya mwanzo wa karne ya 20 ambapo buibui lilitanda Pwani. Wanahistoria wawili wameeleza vyema mabadiliko hayo: Margaret Strobel katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa, na Laura Fair katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu Zanzibar baada ya utumwa. Uzito wa jambo lenyewe ni kwamba buibui halikuhitaji mtumwa wa kulibeba. Kipande cha kitambaa cheusi na utepe vilitosha. Mjukuu wa mtumwa na binti wa mwenye shamba la mikarafuu wangeweza kupita barabara moja, na mpita njia asijue nani ni nani. Waliokuwa wamenyimwa ruhusa ya kujifunika ndio waliojifunika, na kwao hiyo ilikuwa heshima iliyocheleweshwa. Ukilitazama buibui kwa jicho la leo tu, ukadhani kwamba siku zote limekuwa alama ya kufungiwa, utaikosa sehemu hii ya kisa chake.

Wala mdudu mwenyewe si wa kudharauliwa miongoni mwa Waislamu wa Pwani. Sura ya 29 ya Kurani imepewa jina lake, Al-Ankabut. Ni kweli kwamba ndani ya sura hiyo nyumba ya buibui inatajwa kama mfano wa nyumba dhaifu kuliko zote, na Kitabu cha Ayubu katika Biblia nacho kinautumia utando kwa maana inayokaribiana na hiyo. Lakini ipo pia riwaya mashuhuri ya mwaka 622, Mtume Muhammad na Abubakar walipojificha katika pango la Thaur wakielekea Madina. Husimuliwa kwamba buibui alitanda mlangoni mwa pango, na waliokuwa wakiwasaka wakaona hakuna mtu aliyeingia humo. Wazee wengi huwakataza watoto kumuua buibui kwa ajili ya kisa hicho. Sidai kwamba vazi lilipata jina kutoka pangoni. Mwonekano na kitenzi vinatosha. Ninachosema ni kwamba, kwa msikilizaji aliyelelewa na riwaya hiyo, utando wa buibui huleta akilini sitara. Mwenye kusikia tusi analeta sikio lake kutoka kwingine.

Na baibui je? Matamshi haya yameenea sana, hasa Tanzania, na wanaoyatumia hawakosei. Naona yamefanya kazi nzuri ya kimyakimya: yanamwachia mdudu jina lake na kulipa vazi lake, utata ukapungua. Lugha hufanya hivyo pale maana mbili zinapoanza kukanyagana. Ila kumlazimisha mtoto wa Mombasa aseme baibui kwa hoja kwamba buibui si adabu ni kumfundisha aione aibu katika neno la nyanya yake ambalo halina aibu yoyote.

Kuna mtego mwingine katika neno hili ambao mwalimu hakuutaja, nao huwanasa watafsiri. Maana zilizotanuka kutoka kwa buibui wetu si zile zilizotanuka kutoka kwa spider wa Waingereza. Katika Kiingereza kuna mboga inayotajwa kwa jina la mdudu huyu kwa sababu ya maua yake yenye vikonyo virefu kama miguu. Mtafsiri mvivu ataandika "mmea wa buibui" na mkulima abaki akijikuna kichwa. Mboga yenyewe ni mgagani. Abagusii huiita chinsaga, Waluo dek, Waluhya tsisaga, na hakuna hata mmoja kati yao aliyemwona buibui ndani ya sufuria.

Kwa upande mwingine, tulipohitaji jina la mfumo wa kompyuta zilizounganishwa duniani kote, tulilipata bila kumgusa mdudu. Tulirudi kwenye kitenzi: tandaa, mtandao. Washona wa Zimbabwe wana neno dandemutande kwa utando wa buibui, na ukilitega sikio utasikia tanda humo ndani. Kampuni moja ya huko ya huduma za intaneti inatumia neno hilo kama jina lake. Sisi tumemwacha buibui nje ya mtandao, lakini nyayo zake zimo.

Nimalizie na maana ya tatu ambayo kamusi nyingi huipuuza, kwa kuwa hukaa zaidi midomoni kuliko vitabuni. Ukisikia mtu akimwambia mwanawe, "Hebu chukua ufagio utoe hizo buibui darini," usidhani anataka wadudu watolewe mmoja mmoja. Anazungumzia tando zenyewe, na ndiyo maana akasema hizo, si hao. Jina la mtandaji limehamia kwa kilichotandwa, na ngeli ikabadilika tena, safari hii ikawa I-ZI. Katika maandishi sanifu ningemshauri mwanafunzi aandike tandabui au utando wa buibui. Lakini mwalimu akilikuta "hizo buibui" ndani ya mazungumzo ya wahusika katika insha, na aiache kalamu nyekundu mfukoni.